Bili ya 121,500: Mjomba, raundi ya ofa na deni lililomwangukia mhudumu

Mjomba wangu alinipigia simu saa tano na robo usiku, Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, na hakusalimia. Huyu ni mtu ambaye hata akiwa na shida ya haraka huanza na habari za nyumbani, akamtaja kila mtoto kwa jina lake. Safari hii alisema tu, "Mama, njoo. Wamenishikia mkoba. Wanasema nadaiwa laki na ishirini." Muziki nyuma yake ulikuwa mkubwa hata nikamwomba arudie. Nikachukua bodaboda.

Nieleze kwanza yeye ni nani, maana bila hilo hata kiasi chenyewe hakitaeleweka. Ni kaka wa mama yangu, tumbo moja, na kwetu Wamakonde ukoo unapita kwa mama. Mjomba kwetu ndiye mzee wa kuulizwa. Analima korosho Tandahimba. Wiki ile fedha za mnada zilikuwa zimeingia kwenye akaunti yake, naye akashuka Mtwara mjini kununua bati za nyumba aliyoianza miaka miwili nyuma. Watu wa mbali hudhani msimu wa korosho ni msimu wa kutapanya. Mjomba anaukumbuka msimu wa 2018, serikali ilipotangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kuzibeba, na wakulima wengi wakasubiri malipo yao kwa miezi. Tangu hapo hela ikiingia anaihesabu kwa bati. Mimi natunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo lugha hiyo tunaelewana. Kabla ya duka nilikaa kaunta ya baa miaka mitatu. Ndiyo maana usiku ule alinipigia mimi, hakumpigia mwanawe.

Baa siitaji. Ni ya mjini, ya kawaida, yenye ua mpana, jiko la kuchoma pembeni na runinga kubwa ya mpira.

Nilimkuta Mjomba meza namba saba pamoja na jirani yake wa kijijini na kijana wa bodaboda aliyewaleta. Baunsa alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mkoba wa Mjomba kwapani, na ndani ya mkoba ule kulikuwa na karatasi ya benki na orodha ya bati. Mhudumu, binti mdogo tu, alikuwa kando ameshika kikaratasi cha bili kwa mikono miwili. Kwenye meza ya pembeni vijana wawili walikuwa wanatazama mpira kwa bidii kuliko mchezo wenyewe ulivyostahili.

Jirani ya Mjomba alininong'oneza kwamba kabla sijafika, mmoja wa vijana wale alijitolea "kumsaidia mzee kulipa" kwa simu, akamwomba amtajie namba ya siri. Jirani ndiye aliyezuia. Tungechelewa hapo, ningekuwa naandika kisa kingine kabisa.

Jambo la kwanza nililoomba ni mkoba. Nilimwambia kaka wa kaunta, kwa sauti ya chini, kwamba hatutazungumza bili mpaka mzee arudishiwe mali yake, kwa sababu mkoba si dhamana mpaka mwenyewe akubali kuuweka dhamana. Akasema basi twende kituoni. Nikamwambia twende, ila twende na daftari la kaunta, na mhudumu, na wale vijana wawili. Deni linalobishaniwa ni jambo la madai, polisi hawalikusanyi. Lakini mtu anayechukua chupa kwa kusema ametumwa na fulani wakati hakutumwa, huyo ndiye anayegusa Kanuni ya Adhabu, sehemu ya kujipatia mali kwa udanganyifu. Kitisho chake kilikuwa kinaelekea kwa mtu asiye wake. Mkoba ukarudi.

Ndipo tukasoma bili. Ilikuwa imeandikwa kwa mkono, jumla 121,500.

Mjomba hakubisha yote, na hilo lilinisaidia sana. Wateja wengi wakiona bili imevimba huikataa nzima, na hapo hupoteza haki yao yote, maana ni kweli wamekunywa. Yeye alihesabu kwa vidole: bia nane, nne zake na nne za jirani, 2,500 kila moja, hiyo 20,000. Soda mbili za kijana, 2,000. Mbuzi kilo moja, 15,000. Ndizi za kuchoma 3,000. Jumla 40,000. Kisha akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa: "Na wale pale niliwapa raundi moja. Walinisalimia Kimakonde, wakasema kwao Newala." Wakati huo walikuwa wanne. Bia nne, 10,000. Kwa kinywa chake mwenyewe alikuwa anadaiwa 50,000.

Chupa tupu zilikuwa bado mezani, nane za bia na mbili za soda. Kaka wa kaunta alianza kusema mzee amekunywa, hakumbuki. Neno hilo huwamaliza watu baa, kwa sababu ukishaambiwa umelewa kila unachosema kinakuwa ushahidi dhidi yako. Nikamwonyesha chupa. Zile hazikuwa zimelewa. Mhudumu aliyeziacha pale alifuata desturi ya zamani ya baa zetu, na ndizo zilizotetea kumbukumbu ya mzee. Kwenye meza ya vijana kulikuwa kumesafishwa kabisa.

Tofauti ilikuwa 71,500. Zilizobishaniwa ni raundi mbili zaidi kwa meza ya vijana, bia nane, 20,000. Chupa kubwa ya pombe kali, 20,000. Kuku mzima wa kufungiwa, 18,000. Bia tatu ambazo hazikuwa na mwenyewe, 7,500. Na mstari wa mwisho ulioandikwa "huduma", 6,000.

Kabla sijaingia kwenye mistari hiyo lazima nieleze jinsi baa inavyohesabu, kwa sababu mteja haoni. Bia ikitoka kaunta haiandikwi jina la mteja. Inaandikwa jina la mhudumu. Kila mhudumu ana ukurasa wake kwenye daftari, na usiku baa ikifungwa anasimama mbele ya kaunta na kufunga hesabu: ulichukua hiki na hiki, leta fedha. Ikipungua, pungufu hilo tunaliita shoti, na shoti ni yake. Kwa hiyo kila kinywaji kilichobebwa na yule binti lazima kipate mlipaji kabla ya saa saba usiku, ama kimwangukie yeye. Mlipaji anayeonekana ana hela ni mzee wa korosho mwenye mkoba. Usiku ule sikuona kundi la wezi. Niliona mfumo ambao kinywaji kisicho na mwenyewe hutambaa mpaka kikamfikia mtu mpole mwenye fedha, na kikimkosa huyo kinamrudia aliye mnyonge kuliko wote. Kipindi changu cha kaunta niliandika kurasa hizo kila siku na sikuwahi kujiuliza. Leo najiuliza.

Mistari mitatu ilikuwa rahisi. Bia tatu zilizokosa mwenyewe zilitokana na moto na baridi: Mjomba na mwenzake walipelekewa za moto, wakaomba za baridi, binti akarudisha tatu. Kaunta iliandika zile mpya na haikufuta zilizorudi. Binti mwenyewe alikumbuka, akaonyesha mstari kwenye daftari. Kuku tulimfuata jikoni. Jiko la baa ile limekodishwa, mchomaji ana hesabu zake mbali na kaunta, na kikaratasi chake kilikuwa na namba moja iliyopindwa kichwa ikafanana na saba. Wenye meza namba moja walishamlipa mchomaji mkononi, wakaondoka na kuku wao. Kama Mjomba angelipa, kuku mmoja angelipwa mara mbili.

"Huduma" nayo niliuliza imeandikwa wapi. Ubao wa bei ukutani ulikuwa na bei za bia, soda na pombe kali tu. Kaka wa kaunta akasema ni utaratibu wa msimu huu. Mjomba, aliyekuwa kimya muda wote, akauliza kwa upole, "Kumbe hata huku kuna makato?" Anayemjua mkulima wa korosho ataelewa uzito wa swali lile. Kila mwaka bei ya mnada inatangazwa, kisha yanafuata makato ya chama cha msingi cha ushirika, ya chama kikuu, ushuru wa halmashauri, na kinachobaki ndicho chake. Lakini makato yale, hata yakiuma, yana karatasi. Sheria ya Ushindani ya 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mteja kuhusu bei, na ada inayojitokeza mara ya kwanza chini ya bili, baada ya mtu kula na kunywa, haina namna ya kuitwa bei aliyoikubali. Hatukuhitaji kufika huko. Mstari ulifutwa palepale.

Ikabaki 90,000. Kati yake 50,000 haikuwa na ubishi. Zile 40,000 nyingine, yaani raundi mbili na chupa kubwa, ndizo zilizotukalisha mpaka saa saba kasoro.

Swali watu wanaloanza nalo ni nani alikunywa. Ni swali bovu, kwa sababu jibu lilijulikana na halikusaidia: walikunywa vijana. Ofa maana yake ndiyo hiyo, mmoja anakunywa na mwingine analipa. Swali lenye faida ni hili: nani alisema ndiyo, alimwambia nani, na aliyebeba chupa alijuaje? Bili ni mlolongo wa ruhusa, na kila mstari lazima uwe na ndiyo ya mtu nyuma yake.

Nilimwomba binti asimulie, nikamwita mdogo wangu ili ajue simtafutii kosa. Akasema raundi ya kwanza mzee alimwita mwenyewe, akanyoosha kidole, akasema "wape wale wanne moja moja." Hiyo ina ndiyo yake. Raundi ya pili kijana mmoja alimwambia, "Mzee kasema tuongeze." Akapeleka. Vijana wakainua chupa wakamwelekea Mjomba, wakapaza sauti, "Ahsante njomba!" Mjomba akapunga mkono. Binti akaona mkono ule akajua yameisha, mzee amekubali. Raundi ya tatu na ile chupa kubwa zilikuja kwa maneno yaleyale, "mzee kasema," lakini wakati huo Mjomba alikuwa ametoka nje ya geti kuzungumza na simu, na aliporudi mpira ulikuwa umekolea, hakuna aliyeinua chupa kwa yeyote.

Raundi ile ya pili ilinisumbua, na bado inanisumbua. Kisheria mtu hafungwi na maneno ya mwingine aliyejifanya wakala wake. Ukisema mzee kasema, na mzee hakusema, umejisemea. Lakini mtu akiona jambo limefanywa kwa jina lake, akalipokea, hawezi baadaye kulikana kana kwamba hakuwapo. Je, kupunga mkono ni kupokea? Kwetu mtu akikuelekezea salamu unaijibu, hiyo ni adabu kabla haijawa kitu kingine. Mkono wa Mjomba ungeweza kuwa adabu tu. Kutoka nje hakuna anayeweza kujua.

Basi nikamuuliza mwenyewe, mbele ya wote. "Mjomba, walipokwambia ahsante ile mara ya pili, ulijua ni ahsante ya nini?"

Alikaa kimya. Akaangalia chupa zake nane. Kisha akasema, "Nilijua. Niliona wameongeza. Nikasema moyoni, haya, ni watoto wa nyumbani."

Angeweza kukana, na mimi ningemtetea, na tungeshinda. Alisema ukweli, na kwa kusema vile alibeba 10,000 nyingine. Bili yake ikawa 60,000. Lakini neno lake kuhusu raundi ya tatu na chupa kubwa likapata nguvu ambayo mimi nisingeweza kuipa kwa hoja yoyote. Hata kaka wa kaunta aliacha kubisha.

Hapo tukawageukia vijana. Wawili walishaondoka, wawili waliobaki wakasema waliosema "mzee kasema" ni wale walioondoka. Nilimwuliza kaka wa kaunta: chupa ya 20,000 inatokaje kaunta bila fedha taslimu na bila kumwona anayelipa? Tulipokuwa sisi, pombe kali ya chupa nzima ilikuwa haipiti bila hela mkononi. Akasema binti ndiye aliyeiomba. Binti akasema yeye alimwambia kaka ni ya bili ya mzee na kaka akatoa. Kati ya macho manne, hakuna aliyetembea hatua kumi kumuuliza mzee. Sitaki kumsafisha binti kuliko anavyostahili: kosa lake lipo. Neno la mtu wa meza nyingine halitoshi, na swali lilikuwa fupi tu, "Mzee, ni wewe?" Lakini alikuwa na meza sita usiku wa Jumamosi ya msimu, na hakuna mtu katika baa ile aliyewahi kumwambia kwamba kuuliza ni sehemu ya kazi. Alichoambiwa ni kwamba mzee wa korosho asikasirishwe.

Vijana wawili walitoa walichokuwa nacho, 18,000, na wakaachwa waende. Kutoka 30,000 ikabaki 12,000 isiyo na mwenyewe.

Mjomba alilipa 60,000 zake kwa simu, kwa lipa namba ya baa. Nilimsomea jina la biashara lililotokea kwenye kioo, likawa ndilo, kisha nikageuka pembeni yeye akaweka namba ya siri mwenyewe. Kuna baa ambazo mhudumu hukupa namba yake binafsi, kwamba mtandao wa lipa namba unasumbua. Ukituma huko, siku ya ubishi ujumbe wako utaonyesha ulimpa binti fedha, hautaonyesha ulilipa bili. Kisha nikadai risiti ya mashine. Kaka wa kaunta akanionyesha kile kikaratasi cha mkono kilichofutwafutwa. Nikasema kile ni bili, risiti ni nyingine. Mamlaka ya Mapato imetuimbia miaka yote, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, nasi tumeifanya kauli ya kodi peke yake. Usiku ule ilikuwa na kazi ya pili: karatasi inayosema meza hii, tarehe hii, 60,000, imelipwa, ndiyo inayofunga mlango. Bila hiyo kesho mtu anaweza kukuambia ulibakiza.

Wapo watakaouliza ingekuwaje kama Mjomba angekuwa ameshalipa zote 121,500 na kugundua asubuhi. Ingekuwa ngumu zaidi. Kampuni ya simu husaidia ukituma kwa namba isiyo sahihi na ukatoa taarifa haraka, lakini fedha iliyokwenda kwa biashara uliyoikusudia haitarudishwa kwa sababu hukupenda bili. Aliyelipa kwa kadi anaweza kupeleka malalamiko ya maandishi benki kwake, akaambatisha risiti na maelezo ya kila mstari anaoukataa, na benki ikimzungusha anaruhusiwa kusonga mbele hadi Benki Kuu. Ila kazi yote hiyo ni ya kurudisha kilichokwisha toka. Dakika yenye nguvu ni ile kabla ya kulipa, ukiwa mezani, chupa zipo, daftari lipo, mhudumu hajabadili zamu.

Na kabla ya dakika hiyo ipo nyingine ambayo Mjomba aliikosa. Unapokaa mwambie mhudumu: bili yangu ni meza hii, yeyote akitaka kuongeza njoo uniulize mimi. Ukitoa ofa taja idadi na uilipe palepale, mbali na bili yako. Ofa iliyolipwa haina mkia. Nilimwambia hivyo tukiwa njiani kurudi, naye akajibu jambo ambalo nimelirudia kwa watu wengi tangu hapo: "Korosho zangu kilo moja haitoki chama cha msingi bila karatasi ya ghala. Halafu hela ya korosho hizohizo naacha iandikwe na kila mtu."

Tulilala tukijua tumemaliza. Sikuwa nimemaliza, na hapa kuna kosa langu. Niliondoka pale bila kuuliza zile 12,000 zitakwenda wapi. Mtu aliyekaa kaunta miaka mitatu hakuwa na haja ya kuambiwa, nilijua. Nilichoka, nilimwona mzee wangu yuko salama, nikapanda boda.

Jumatatu asubuhi binti alinipigia. Alikuwa amechukua namba yangu kwa jirani ya Mjomba. Hakulalamika, aliuliza tu kama wale vijana nawafahamu, kwa sababu ameandikiwa shoti ya 12,000, na mwezi ule alikuwa tayari amekatwa 15,000 kwa glasi zilizovunjika na chenji iliyopotea. Tukapiga hesabu. Zikiunganishwa zilikuwa zinavuka robo ya ujira wake.

Robo hiyo siisemi kwa kukisia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inaeleza mwajiri anavyoweza kukata ujira kufidia hasara. Mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake. Mwajiri aandike sababu, kiasi na jinsi alivyokipata. Mfanyakazi apewe nafasi ya kweli ya kupinga. Kinachodaiwa kisizidi hasara halisi, na makato yote yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Baa ngapi unazozijua zinafanya hata moja kati ya hayo? Shoti hutajwa kwa mdomo usiku wa manane, na ukipinga unaambiwa geti lile pale.

Nilikwenda kwa mwenye baa. Ni mama mtu mzima, nikampa shikamoo, tukakaa kwenye kivuli cha mwembe. Nilikwenda na risiti ya 60,000, na nilikuwa nimeandika ile hesabu yote upya, mstari kwa mstari, kila mmoja na ndiyo yake. Alisoma polepole. Aliona bia tatu zilizoandikwa mara mbili, akaona kuku, akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza swali la haki: "Sawa mwanangu. Na mimi chupa yangu nani atanilipa?" Hakuwa mtu mbaya. Pombe ile ameinunua kwa fedha, leseni analipa, na msimu ukiisha ua ule unabaki na viti vitupu mpaka mwaka unaofuata. Nilimjibu kwamba chupa ilitoka kaunta bila hela kwa sababu baa haina utaratibu wa kuuliza, na asiye na utaratibu si binti. Tukavutana. Mwisho alikubali kubeba 8,000. Zile 4,000 zilizobaki akasema lazima zimguse binti, apate kukumbuka.

Nilikuwa tayari kuendelea. Nilimweleza binti kuhusu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwamba malalamiko ya namna hii hupelekwa ndani ya siku 60 na kwamba hahitaji wakili kuyafungua. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Dada, acha tu," akasema. "Kesho nitafanya nao kazi." Niliumia, lakini kazi ni yake na kesho ni yake, sikuwa na haki ya kumpigania mahali ambapo yeye ndiye angebaki akiumizwa. Nikaacha.

Mchana ule Mjomba alikuja dukani kuchukua bati. Alizihesabu mwenyewe, moja moja, akipitisha kidole kwenye kingo, kisha akasoma risiti kwa kidole hichohicho kabla ya kulipa. Kijana wa kupakia alimwambia mzee hapa hatuibi, naye akasema najua, nasoma tu. Zilipokwisha kufungwa kwenye gari akanivuta pembeni, akauliza yule binti walimfanyaje. Nikamwambia. Akatoa 4,000, akazikunja mara mbili.

"Mpelekee. Mwambie si ya bili, bili yangu niliimaliza. Hii ni yake."

Nilimpelekea jioni kabla baa haijachangamka. Alizipokea kwa mikono miwili, akazitia kwenye aproni, na humo humo akatoa kijidaftari kipya cha mfukoni kunionyesha. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mistari mitatu ya siku ile. Wa juu kabisa ulisomeka: meza 4, bia 2, kasema mwenyewe.